Siku Darasa la Nne Lilipoimba Bila Sauti

Sugua viganja vyako viwili kwa nguvu. Sugua tu, hakuna anayekutazama. Sasa wafikirie watoto hamsini wakifanya hivyo kwa pamoja: ni mvua inayoanza kwenye mabati. Kila ninapoisikia sauti hiyo darasani kwangu hapa mtaani Mabanga, pua yangu hunusa kiberiti na mawe yaliyolowa, nami huwa tena msichana wa miaka tisa mwenye kandambili zilizoyeyuka soli.

Volkano ilikuwa imekula shule yetu. Sisemi iliiharibu. Iliila pamoja na paa na kengele, ikabakiza ncha ya mlingoti wa bendera ikichomoza kwenye jiwe jeusi. Tukahamishiwa katika sali ya parokia, ule ukumbi wa mikutano, ambayo moto uliipita kando kwa sababu unazozijua wenyewe. Madarasa matatu yalibanana humo, yametenganishwa na shitingi tu, yale maturubai ya plastiki ya msaada. Mtu akipiga chafya darasa la nne, darasa la sita walipoteza hesabu zao.

Mwalimu wetu, Madamu Faida, alikuwa mwanamke mfupi kutoka Masisi asiyeweza kufundisha akiwa amekaa. Jedwali la kuzidisha kwa saba tulilicheza kwa miguu. Mito ya nchi aliichora sakafuni kwa makaa, nasi tukaitembea kutoka chanzo hadi baharini. Siku ya somo la mvua, mvua ilikuwa inanyesha kweli, na lava nje ilikuwa bado na joto tumboni. Kila tone lilipoanguka lilirudi juu likiwa mvuke.

"Muangalie, batoto," alisema dirishani. "Maji inashuka, maji inapanda. Sasa muifanye na mikono."

Tukasugua viganja, tukapiga vidole, tukapiga mapaja. Bahati, mvulana mrefu kuliko sisi sote, akapiga ngurumo kwenye bidoni lake tupu, lile dumu la njano alilochotea maji ziwani akitoka shule. Somo lile lingali mwilini mwangu hadi leo.

Darasa la sita nao hawakulisahau. Mwalimu wao alikimbilia kwa direkta, mkuu wa shule, mtu mwema aliyeogopa kila kitu, hata kivuli cha kofia yake. Direkta akaja na kuzungumza na Madamu nyuma ya shitingi, kana kwamba shitingi ni ukuta.

"Madamu, huku haiko ku baa. Benzako banatayarisha examen. Nikisikia wimbo tena, utatafuta kazi ingine."

Kesho yake Madamu alitufundisha ishara mbili. Kiganja wazi maana yake imba. Ngumi maana yake imba vilevile, ila bila sauti. Midomo inafunguka, mabega yanacheza, miguu inagusa sakafu kama ya paka, na wimbo unakwenda wote kichwani hadi mwisho. Aliyekosea pigo tulimwona mara moja. Direkta alichungulia, akaona watoto hamsini wanaimba na hasikii kitu, akachokonoa sikio. Hata kicheko tulikicheka kwa ngumi.

Halafu Bahati akachukuliwa. Alikuwa Kituku, ufukweni mwa ziwa, akichota maji, na askari wa wale waasi waliokuwa wakitawala mji wetu wakamrusha kwenye lori pamoja na wavulana wengine. Mama yangu, aliyeuza sambaza, dagaa wa ziwa letu, palepale ufukweni, aliona kwa macho yake. Alirudi nyumbani na bidoni la njano, akaliweka mlangoni, na jioni ile hakula. Mama yake Bahati alikwenda kambini kumwulizia mwanawe, akafukuzwa kama mbwa.

Haikupita muda tukaambiwa mkubwa wa waasi anakuja uwanjani na kila shule ilete waimbaji. Ghafla wimbo haukuwa kelele tena! Direkta alikuja mbio darasani kwetu na maneno yaliyokwisha kutungwa: eti mkubwa ni baba yetu, mlinzi wa watoto.

"Baimbe muzuri, Madamu, na kazi yako iko salama," alisema. "Basipoimba, mimi sitaweza kukusaidia."

Mimi ndiye niliyechaguliwa kuanzisha. Usiku mama alinisuka nywele akinisihi. "Uimbe tu, mama yangu. Mdomo huponza kichwa."

Uwanjani jua lilikuwa kali na vumbi jeusi lilitujaa puani. Kulikuwa na askari pande zote, wengine hawakumzidi Bahati kimo. Nilitazama uso mmoja baada ya mwingine, nao hawakuwa yeye. Mkubwa alikaa chini ya hema, kwenye sofa ya mtu, akinywa Fanta. Madamu akainua kiganja wazi. Nikavuta pumzi. Yale maneno ya mlinzi wa watoto yakagoma kutoka, na hasira iliyonipanda sikuwahi kuijua kabla. Nikainua ngumi mbele ya darasa zima.

Midomo hamsini ikafunguka, isitoke sauti.

Tuliimba beti zote, nawaambia, na hatukuwahi kuimba vizuri kama siku ile. Bendera ilisikika ikipiga mlingoti. Fundi wa mikrofoni alikung'uta waya zake. Watu wakaanza kucheka, na tabasamu la mkubwa likatoweka. "Sauti! Sauti!" direkta alinong'ona huku jasho likimtiririka. Nikamtazama Madamu. Kiganja chake kilikuwa bado juu. Angeweza kukitikisa, angeweza kutukaripia, na kazi yake ingepona. Aliitazama ngumi yangu. Kisha polepole, huku uwanja mzima ukimwona, akakunja vidole vyake kimoja kimoja, akaipandisha ngumi yake juu ya kichwa mpaka wimbo ukaisha.

"Nani aliambia batoto banyamaze?" ofisa mmoja alifoka.

"Ni mimi," alisema Madamu. "Mukono yangu muliiona bote."

Wakaenda naye. Aliachiliwa baada ya siku kadhaa, akichechemea, na shuleni hakurudi. Aliuza unga wa muhogo mpaka alipohama mji. Bahati hakurudi kabisa.

Kwa miaka mingi nilijivuna kwamba siku ile Madamu alijiunga na uasi wangu. Niliona ngumi yake ni sifa niliyopewa. Ni siku nilipoanza kufundisha, watoto wakikodolea mkono wangu macho, ndipo nilipoelewa: aliinua ngumi kubwa ili pasiwe na mtu wa kuuliza habari ya ngumi ndogo. Nililia pale pale, chaki mkononi. Lakini msinitake nijute kunyamaza. Hilo sitalifanya.

Wakubwa wamebadilika mara nyingi hapa mjini, na inspekta wa shule bado ni yuleyule wa siku zote, hata akibadilika sura. Wiki iliyopita alikaa nyuma ya darasa langu akitikisa kichwa.

"Madamu, muziki iko na saa yake, Ijumaa. Hesabu ni hesabu." Akaligusa kwa kiatu bidoni la njano, lililopauka, kando ya benchi la mbele. "Na hii inafanya nini humu?"

"Iko ya mwanafunzi mumoja murefu," nikamjibu. "Anachelewa."

Alikuwa bado mlangoni nilipogeukia darasa, nikainua mkono. Watoto wote wakautazama. Nikafungua kiganja.