Misumari Mitano ya Nyanchera

Kabla Nyanchera hajaajiriwa katika duka la Mukesh pale Keroka, vifaa vilitengenezwa kwa utaratibu ulioeleweka na wote. Ulimvizia Osoro, fundi wa duka hilo, Jumamosi akitoka kanisani, mkahesabiana ukoo mpaka mkapata babu mmoja. Kuzungumzia redio siku ya Sabato ni dhambi. Kuulizana ukoo si dhambi. Osoro alikuwa na binamu wengi kuliko bisibisi. Redio ya asiye na ukoo ilikaa rafuni mpaka mwenyewe akazoea kimya.

Nyanchera alikuja kutoka Sironga mwaka 1993, ana cheti cha kidato cha nne na mwandiko wa kutisha kwa unadhifu, ili auze betri. Mwezi wake wa pili kazini akapigilia misumari mitano ukutani. Kila kifaa kilipata kadi yenye nambari, na kadi ikahama msumari hadi msumari: kimepokelewa, kimefunguliwa, kinangoja spea, kimejaribiwa, tayari. Kila mteja aliulizwa maswali manne yale yale, hata awe shangazi yake. Shangazi yake aliulizwa. Mkungu wa ndizi ulioletwa kulainisha mambo uliandikwa kwenye kadi, "ndizi, zirudishwe," na zikarudishwa. Nimesoma habari za mageuzi mengi ya dola; machache yalihitaji nyundo tu.

Swali la nne ndilo lililoamua rangi ya kadi: kisipotengenezwa wiki hii, nani ataumia? Akiwepo wa kuumia, kadi ni nyekundu, na Osoro huanza na hiyo; asipokuwepo, ni nyeupe.

Jumanne moja ya Juni 1998, nesi Bathsheba wa zahanati moja kule Itumbe alileta friji ya chanjo. Dawa alizipakata ndani ya kasha la barafu, na barafu ingedumu hadi kesho jioni, basi. Alhamisi watoto zaidi ya mia wangeletwa kuchanjwa. Kadi nyekundu. Osoro akaifungua friji.

Hajafika mbali, akaingia diwani Manasseh na watu wawili waliobeba televisheni. Kombe la Dunia lilikuwa linaanza kesho yake, naye alishaalika kata nzima.

"Osoro, wacha hiyo kabati. Shika hii."

Mukesh, ambaye leseni yake ya duka ilipitia mikononi mwa diwani kila mwaka, alichukua mwenyewe kadi nyekundu isiyoandikwa, akamnyooshea. "Nyanchera, andikia mheshimiwa. Ama kesho utafute kazi kwingine."

Nyanchera akashika kalamu. Kadi nyekundu hakuipokea.

"Jina?"

"Wewe hunijui?"

"Nakujua, mheshimiwa. Jina?"

"Manasseh."

"Kifaa gani?"

"Huoni? TV!"

"Ina shida gani?"

"Inaonyesha mvua tupu."

"Isipotengenezwa wiki hii, nani ataumia?"

"Kata nzima!"

"Kata ni wengi. Nitajie wa kwanza."

Hakupaza sauti. Kalamu ilingoja juu ya kadi. Diwani alitazama dari, akamtazama Mukesh, kisha macho yakaangukia benchi, Bathsheba alipokuwa akifuta maji yaliyovuja kwenye kasha.

"Huyu naye analilia nini?"

"Chanjo, mzee," Bathsheba akasema. "Na mimi silii. Ni barafu."

Nimeona wakubwa wakirudishwa nyuma na mahakama, na mara moja na ng'ombe. Kwa swali lililoandikwa mapema, kabla hayajazaliwa matatizo yao, sijawahi tena kuona. Diwani alikohoa.

"Andika hakuna."

Nyanchera akaandika *hakuna*, kwa mwandiko ule ule, kwenye kadi nyeupe. Mukesh akabaki ameinua ile nyekundu kama refa aliyesahau kosa.

Friji iliondoka kesho yake saa nne asubuhi, inapoa. Nyanchera alikuwa amefika saa mbili bila kujua kama bado ana kazi. Alimkuta Mukesh upande wa wateja, pasi ya umeme ya mkewe Kusum kwapani, akingoja kadi nyuma ya wanawake wawili waliomtangulia. Hakuna aliyempisha.