Ufunguo Mwekundu na Mfuko wa Nafasi Ishirini

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na mitumba kumwagika hadi sokoni Tukuyu, niliuza makoti. Mtu wa makoti hatupi kitu. Hata koti lenye mkono mmoja lina mteja wake. Kazi ni kumngoja. Ugonjwa huo nikaingia nao kwenye kibanda cha gemu nyuma ya soko, cha mzee mmoja fundi redio, mwenye mashine moja na televisheni moja.

Gemu langu lilikuwa la shujaa anayeshuka mapangoni, anaua madubwana na kuokota vitu. Maandishi yote Kijapani, kwa hiyo vitu tulivijua kwa sura. Chupa ya kijani inarudisha uhai. Mfuko wa shujaa una nafasi ishirini. Nilizihesabu, nikarudia, nikidhani mzee kanipunja. Ishirini. Na mwenye duka wa mle ndani ya gemu hapunguzi bei wala haongezi. Nilimdharau tangu siku ya kwanza.

Nikajaza. Chupa saba, sikunywa hata moja. Nikipigwa nilikimbia, chupa zikabaki. Mashoka butu mawili. Kofia iliyopasuka.

Kisha mzee akatangaza kuwa Jumamosi anaihamishia mashine Mbeya, maana Tukuyu watu wanaangalia bure dirishani. Nilikuwa nimebakiza mapango mawili. Jumamosi asubuhi sikutandika makoti. Pembeni yangu alikaa mtu wa kiwanda cha chai, aliyetoka zamu, mshauri wangu ambaye sikumwomba.

Nikaliua dubwana la mwisho. Likaangusha ufunguo mwekundu wa mlango uliokuwa nyuma yake. Nikabonyeza kuuokota, mashine ikatoa ule mlio tuliouzoea: mfuko umejaa.

"Gwe, tupa kofia," akasema mtu wa chai.

Nikamwambia kofia ile imenigharimu pango zima. Akasema basi ninywe chupa moja. Nikajaribu, lakini ushindi ulikuwa umemjaza shujaa uhai wote, mashine ikakataa kumnywesha.

Nikahesabu vitu, nikitafuta kisicho na faida. Ishirini. Nikahesabu tena kuanzia chini. Mvua ilikuwa inapiga bati, na umeme wetu na mvua havijawahi kupatana. Nilikuwa nimefika kwenye shoka butu la pili, najadiliana nalo kama na mteja, televisheni ikabaki nukta nyeupe, kisha giza.

Tukangoja. Mzee akaenda kuswali adhuhuri, akarudi, akaanza kukunja nyaya. Mchezo nilikuwa nimeuhifadhi juzi yake, mapango mawili nyuma, mfuko tayari umejaa.

"Umeme ukirudi jioni, mzee?"

"Jioni niko Mbeya, mwanangu."

Nikamwomba aniuzie ile kadi ndogo inayohifadhi michezo. Akataja bei, nikaishusha mara mbili, nikatoka nikijiona mjanja. Mtu wa chai akauliza nitaichomeka wapi. 

Kadi ninayo mpaka leo, imo mfukoni mwa lile koti lenye mkono mmoja. Mteja wa koti naye hajaja.