Sakafu Niliyomzawadia Mama Masanja

Jamani, kuna nyumba moja huko mbele ya Kolandoto ambayo mpaka leo nikiikumbuka nafunika uso kwa viganja hata nikiwa peke yangu, na aibu yenyewe hakuniletea mtu, nilijitafutia mwenyewe kwa kimbelembele changu na mifuko minne ya saruji.

Ilikuwa miaka ya tisini, ndio kwanza nimetoka masomoni na kupewa kazi ya kufundisha chuoni usanifu wa ndani ya nyumba, hasa nyumba zinazomfaa kila mtu, asiyeona, asiyetembea, mzee, wote. Utaalamu ulikuwa unanimwagika. Nikachukua wanafunzi sita, tukapanda treni hadi Shinyanga kufanya utafiti, na huko kijijini akatupokea Mama Masanja, mama wa makamo aliyepofuka utotoni kwa surua, anaishi peke yake kwa sababu mwanawe yuko Geita machimboni.

Wiki nzima tulipima nyumba yake, na wiki nzima tulimwona akitembea humo ndani bila fimbo wala kupapasa ukuta, anachota maji mtungini, anageuka, anafika jikoni, anakoroga uji, hamwagi hata tone. Nami nikaandika kwenye daftari: "Amezoea." (Basi, hilo ndilo neno lililonitosha, mimi msomi.) Chini yake nikaorodhesha kasoro za sakafu yake ya udongo: changarawe mlangoni, tuta katikati ya chumba, mchanga uliomwagwa kando ya mtungi. Yote nikayapigia mstari mwekundu, nikaandika hatari.

Kisha Mama Masanja akaaga kwamba anakwenda Ushirombo kumjulia hali dada yake, atarudi baada ya siku nne. Hapo ndipo nilipopata wazo. Nikasema mama huyu katukarimu, tumshukuru kwa sakafu ya saruji, ile ya kupigwa niru ikalainika mpaka inang'aa, maana siku zile mwenye sakafu hiyo kijijini alikuwa mtu kweli. Mwanafunzi wangu mmoja, Yusta, msichana mpole, akaniuliza, "Mwalimu, si tungemsubiri tukamuuliza kwanza?"

Nikamjibu kwa sauti ya mwenye shahada mbili, "Yusta, zawadi gani hiyo ya kuulizia?"

Basi fundi Lutonja akaja, akasawazisha tuta, akazoa changarawe na mchanga, akamwaga saruji, na ilipokauka tukarudisha kila chombo palepale kilipokuwa, mtungi, kigoda, kitanda, nikajisifu kwa hilo pia. Na kwa kuwa kichwa kilishavimba, nikamwalika mkuu wangu wa idara, aliyekuwa mjini Shinyanga kwa kikao, aje ashuhudie, na mtendaji wa kijiji, na majirani wakajileta wenyewe.

Mama Masanja akafika alasiri. "Mwadila, mayu!" wakamsalimu, naye akaitika huku akishangaa kelele za watu kwake. Nikatoa hotuba (ndefu, ndiyo), nikamwambia aingie aone zawadi yetu. Nilisema aone! Akavua kandambili kama kawaida yake, akaingia hatua mbili, akasimama. Akatembeza kidole cha mguu huku na huku.

"Hapa kwa nani?"

"Kwako, mama!"

"Siyo kwangu."

Watu wakacheka, wakidhani anasifia, na mimi nikacheka kuwashinda wote, nikasema, "Pigeni makofi!" Wakapiga. Makofi yakiendelea yeye akajaribu kwenda mbele, akajigonga kitandani, akageuka, akapiga mtungi teke ukavunjika, maji yakasambaa, akachutama kwenye maji yale mikono ameitanguliza mbele. Makofi yakafa moja moja.

"Mwalimu," akasema taratibu, "mlango uko wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini ndio kwanza nilikuwa nimeisakafia.

Nikaingia, nikapiga magoti kwenye maji. Akanieleza bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba sakafu ile aliijenga kwa mikono yake miaka mingi: penye changarawe ni mlango, tuta linampeleka mpaka jikoni, mchanga ukigusa unyayo anainama na mtungi upo. Kila kitu nilichokiita hatari alikuwa amekiweka kwa makusudi. Nilikuwa nimekaa wiki nzima ndani ya kazi ya msanifu aliyenizidi mimi na walionifundisha, na nilichokiona ni kasoro.

"Nivunje yote, mama?" fundi Lutonja akauliza.

"Yote ya nini? Mchwa walikuwa wananisumbua. Wabeja, asanteni kwa saruji. Lete patasi, nikuoneshe pa kuchimba." Akasimama akiwa ameshika bega la Yusta, akaanza kupanga: hapa mfereji wa upana wa vidole viwili, hapa chonga pakwaruze, pale pigilia kokoto. Alijua urefu wa chumba chake kwa nyayo, hakukosea hata mara moja, na Lutonja akawa anaitikia "ndiyo mama" kwa adabu ambayo mimi sikuwahi kuipata kwake. Hata mkuu wangu wa idara alivua viatu akaja kukanyaga, soksi ina tundu, wala hakujali.

Ilipokwisha, akaniambia, "Haya, ng'wanawane, mwanangu, fumba macho utembee."

Nikafumba. Nikapata mfereji, nikaupoteza, nikakumbatia ukuta, majirani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akanishika mkono. "Twende nikutoe nje," akasema, na akanitoa, mbele ya mkuu wa idara, mtendaji, wanafunzi na kijiji kizima, mtaalamu wa nyumba za wasioona akiongozwa na asiyeona.

Nimefundisha miaka mingi tangu siku ile, na naapa mbele yenu, nyumba ya mtu siigusi mpaka mwenyewe arudi kutoka safari.