Asubuhi Landrova Ilipokataa Kuwaka

Mwezi uliopita kijana wa jirani yangu hapa Witeithie alinunua landrova kuukuu, zile za boneti bapa na milango ya mabati, akaivuta kwa trekta hadi uani kwao. Siku tatu nilimsikia akihangaika nayo. Inakohoa, inatulia, inakohoa tena, inalia kama bunduki, kisha kimya. Siku ya nne nikavaa malapa nikapenya kwenye ua.

"Shosho, hii gari iko na mapepo," akaniambia, maana kwa vijana wa hapa mimi ni bibi wa wote.

"Petroli inafika?"

"Inafika."

"Na moto unatoka kwa koili?"

Akaniangalia kama mtu aliyesalimiwa na kuku. "Unatoka. Kwani shosho ulikuwa makanika?"

Nikamwambia afungue distributa aangalie rota, nikarudi nyumbani kabla hajaniuliza mengine. Sikulala vizuri usiku huo. Wacha nikueleze wewe, kwa maana wewe hutanicheka.

Tulizaliwa kwenye shamba la kahawa kati ya Ruiru na Thika, upande wa Kalimoni, katika laini ya vyumba vya wafanyakazi. Baba alikufa kwa kifua, na mama akamfuata kabla mvua ya pili haijaisha. Tulibaki watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume, na kadogo ketu ka mwisho, ka kike, kalikokuwa kanaanza tu kusema. Nyapara alituachia chumba, mradi mmoja wetu aingie kwenye kahawa na debe kila siku. Nilikuwa darasa la pili, naanza kuunganisha herufi. Niliacha shule mimi, ndugu yangu akaendelea. Hakuna aliyenilazimisha. Asubuhi moja nilimvisha kaptula yake, nikamwelekeza njia ya shule, nami nikachukua debe.

Wewe hukuijua baridi ya Julai ya miaka ile ya hamsini. Ukungu ulikuwa unalala juu ya mibuni hadi saa nne, na vidole vilikuwa vinakufa ganzi kwenye matawi yenye umande. Hata magari yaligoma kwa baridi hiyo. Dereva wa shamba, mzee wa Kikamba aliyechechemea mguu mmoja, alikuwa anafungua plagi nne za landrova kabla ya mapambazuko na kuja kuziotesha moto jikoni kwetu, kwa kuwa chumba chetu ndicho kilichokuwa karibu na banda la magari. Tulizipanga kando ya mafiga, sufuria ya uji ikitokota katikati, na harufu ya petroli ikichanganyika na moshi wa kuni za mibuni. Baadaye nilikuwa nambebea maji moto ya kumwaga kwenye rejeta.

"Mama watoto," alikuwa akiniita, nami nina miaka kumi na mitatu, "plagi zangu zimeiva?"

"Bado, mzee. Hazijashika chumvi."

Basi anacheka, na kadogo ketu kanacheka kwa sababu yeye amecheka. Hivyo ndivyo nilivyojifunza gari, kwa kumsikiliza akiongea na nafsi yake. Kwanza uliza petroli, alikuwa akisema, halafu uliza moto, halafu uliza moto huo unakwenda wapi.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari. Amri ilikuwa kwamba gari likilala liondolewe rota, watu wa msituni wasije wakaondoka nalo. Rota ni kitu kidogo, hakizidi kidole gumba. Kinazunguka ndani ya distributa na kugawia kila plagi moto wake kwa zamu. Kila jioni dereva alikuwa anazipeleka rota ofisini kwa karani, ambaye alizitundika ukutani kwenye misumari mitatu: ya landrova, ya lori na ya trekta. Juu ya kila msumari palibandikwa karatasi yenye jina la gari.

Kadogo ketu kalianza kukohoa siku ya Alhamisi. Jirani alikasugua mafuta ya kondoo kifuani, nami nikakafunika blanketi zote mbili. Jumatatu alfajiri niliona mbavu zikizama kila kanapovuta pumzi, na midomo imekuwa rangi ya majivu. Dereva alipoingia na plagi zake, alikatazama mara moja tu.

"Huyu ni wa hospitali. Mimi naenda kumwomba mzungu wa shamba ruhusa. Wewe kimbia kwa karani ulete rota."

Nilikimbia. Karani alikuwa mlangoni akiita majina, wafanyakazi wamepanga foleni na madebe yao. Nilimwambia nimetumwa rota ya landrova. Hakuinua macho kutoka kwenye kitabu. Alielekeza penseli ukutani.

"Si ziko hapo? Soma uchukue. Huoni niko na kazi?"

Nikasimama mbele ya zile karatasi. Herufi zilikuwa zimeandikwa kwa mkono wa haraka, zimeshikana, si kama zile za ubaoni nilizozijua. Nyuma yangu mwanamke mmoja kwenye foleni akasema kwa sauti, "Haiya, mpeni msomi wetu nafasi!" Wakacheka. Ningeweza kugeuka na kusema sijui kusoma. Ni maneno mawili tu. Badala yake nikafikiri: landrova ndiyo gari jipya, lori ni la zamani. Nikachukua rota iliyong'aa zaidi nikakimbia.

Dereva aliipokea bila kuitazama, akaibonyeza mahali pake, akafunga kifuniko. Ndugu yangu alikuwa ameshaketi ndani, amekapakata kadogo. Plagi zilikuwa za moto, maji yalikuwa ya moto, na pampu ya petroli ilikuwa inasema tik-tik-tik vizuri. Dereva akapiga hendeli, ule mkono wa chuma wa kuzungushia injini. Landrova ikakohoa, ikanyamaza.

Akapiga tena, na tena. Akafungua plagi, akazipangusa, akazirudisha. Akachomoa waya wa koili, akaushika karibu na chuma, akaniambia nizungushe hendeli. Cheche ya buluu ikaruka, kubwa, ya afya.

"Moto upo," akasema. "Sasa unakwenda wapi?"

Akasugua vile vidude viwili vinavyogusana na kuachana, kwa ubavu wa kiberiti. Akakausha nyaya moja moja kwa shati lake. Jua lilikuwa limetoka na ukungu umeanza kuinuka ndipo akafungua kifuniko tena, akaing'oa ile rota na kuishika kwa vidole viwili kwenye mwanga.

"Umetoa msumari gani?"

Mzee yule mwenye mguu mbovu akakimbia. Akarudi na nyingine, kuukuu, imemeguka pembeni. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya landrova miaka yote; ile niliyoleta ilikuwa ya lori, imebadilishwa juzi. Alipiga hendeli mara moja tu. Ikawaka.

Nilikachukua kadogo mapajani. Tulipopita daraja la Ndarugu niliacha kusikia pumzi zake kifuani kwangu. Sikusema. Niliogopa kwamba nikisema, dereva atapunguza mwendo. Hospitalini Thika muuguzi alifunua blanketi, akalirudisha polepole. "Mngekuja mapema kidogo," akasema.

Watu wa laini walipouliza, dereva aliwaambia koili ilikufa, ikabidi atoe ya lori. Nilikuwa nimeiona ile cheche kwa macho yangu. Aliendelea kuleta plagi zake kila asubuhi ya baridi, akiketi kimya hadi zipate moto, mpaka alipostaafu akarudi kwao Ukambani. Hakunitaja hata kwa mzaha.

Ndugu yangu akawa mwalimu, akastaafu, anaishi Ruiru. Watoto na wajukuu wake wote amewasimulia habari ya koili ile. Desemba tulikwenda pamoja kutafuta mahali tulipomzika dada yetu, mwisho wa mistari ya kahawa. Hakuna kahawa. Hakuna laini, hakuna banda, hata kile kilima kidogo nyuma ya ofisi wamekisawazisha. Ni maghorofa ya kupangisha na nguo zimeanikwa kila roshani. Tulisimama kwenye geti, na hapo ndipo nikamwambia haikuwa koili. Nikamweleza yote, hadi kicheko cha yule mwanamke.

Akashika chuma cha geti.

"Dada, mimi nilikuwa nasoma. Nilikuwa nasoma hata karatasi za sukari."

"Ulikuwa unakula uji."

"Nilikuwa nimemaliza. Nilisimama mlangoni nikakwambia, niende mimi. Hukunisikia?"

Sikumsikia. Nilikuwa nimeshaanza kukimbia. Nikamwona ndugu yangu, mzee huyu mwenye mvi, akirudi kwa mawazo kwenye ule mlango, akijaribu kupaza sauti zaidi, nikajua nimempa ule mzigo ambao dereva aliuficha maisha yake yote.

Askari wa geti alitufuata. "Wazee, mnatafuta nani?"

"Mtoto," ndugu yangu akamjibu. "Tulimwacha hapa."

"Anaitwa nani, nimpigie simu?"

Tukalitaja jina lake, wote wawili kwa pamoja, naye akafungua daftari, akaanza kulitafuta.