Shimo la Mzee Asukile

Jirani yangu Frida ndiye aliyeniambia, tukimenya viazi mlangoni kwake, kwamba Mzee Asukile amemzika mdogo wake, Saulo, shambani. Aliongea chinichini na kisu hakikusimama. Saulo alikwenda machimboni Chunya kabla ya mvua, simu yake haipatikani, na nyuma ya migomba ya kaka yake kuna shimo lenye mfuniko wa chuma na kufuli.

"Halafu anatukataza kulima karibu nalo," Frida akasema. "Mwenzangu, ni wapi watu wanakatazwa kushika jembe kama siyo penye msiba?"

Hapo alinigusa. Kwetu mtu akifa, majembe yanalala mpaka azikwe. Na kweli Mzee Asukile alipita nyumba kwa nyumba kutuomba tusilime wala kutwanga karibu na lile shimo, bila kueleza vizuri, maana hana maneno mengi.

Mimi nilikuwa nimeelezwa kidogo. Zamani alikuwa kibarua wa mashamba ya utafiti hapa Uyole. Mkewe Marta alipofariki alibaki na shamba la viazi, na ile sauti nzito anayoimbia besi kwenye kwaya. Wataalamu walipotafuta mahali patulivu pa kuweka kifaa chao, akawapa kona ya shamba. Tangu hapo anatembea kama anaogopa kumwamsha mtoto, hata kanisani, na watoto wanamwigiza.

Siku moja nilimkuta anapangusa vumbi kwenye sola inayokipa kifaa umeme, nikamuuliza kile kitu kinafanya nini. Akaniuliza, sokoni nikinunua chungu nafanyaje. Nikasema nakigonga nisikie. Basi, akasema, tetemeko likitokea hata ng'ambo ya bahari ni kama dunia imegongwa. Mawimbi yake yanapita ndani kwa ndani mpaka hapa, na kifaa kinayasikia. Chini sana, upande wetu huu, yanachelewa. Wataalamu wanataka kujua kama ni joto tu, au mawe ya huko ni ya aina nyingine. Huko hakuna atakayefika na sururu, ndiyo maana wanasikiliza. Na jembe likipigwa karibu, kishindo chake kinawaharibia.

Nilimwamini, ila siyo kwa moyo wote.

Jumamosi watu wakaja kwenye shimo na majembe na sururu, mwenyekiti wetu wa mtaa, Anania, akiwa mbele. Nilisimama pembeni, mtoto mgongoni. Asubuhi ile redio ilitangaza tetemeko kubwa visiwa vya mbali, na Mzee Asukile akawaomba wasubiri mpaka jioni, maana mawimbi ya tetemeko kubwa huizunguka dunia kwa saa nyingi. Hilo la kusubiri ndilo lililomponza. Mtu wa nyuma akauliza wasubiri nini, maiti imalize kuoza? Wakacheka, kicheko kibaya.

"Mzee," Anania akasema, "fungua wewe, au tufungue sisi."

Akafungua. Ndani kulikuwa na ngazi fupi, sakafu ya saruji, na kitu cha mviringo kama sufuria iliyofunikwa, kina waya. Mwenyekiti alichungulia, akarudi nyuma. Hakuna aliyetaka kushuka. Frida akasema Saulo yuko chini ya saruji, na wanaume wawili wakainua sururu.

Mzee Asukile alisimama ukingoni, mikono ameitandaza. Wakivunja ile saruji kifaa kimekwisha, na yeye, hata wasipompiga, hapa hatakaa tena.

Hakuwatazama wenye sururu. Alinitazama mimi, kisha mtoto wangu, aliyekuwa ameamka anachezea ukosi wa gauni langu.

"Mama Blandina," akasema taratibu. "Wote hapa wanajua hakuna mama anayemshusha mtoto wa kunyonya penye maiti. Wewe ukishuka, wataamini hamna maiti, wataziweka chini hizo sururu. Nakuomba, mwanangu. Vua viatu, kifaa kisisikie kishindo, ushuke naye."