Gitaa Lililopokelewa Heru Juu

Watu husingizia usiku. Hili lilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, hapa hapa Heru Juu, na macho haya yaliona. Ukitaka kucheka cheka sasa, mbele huko hutapata nafasi.

Mpwa wangu Zabroni alikuwa mpiga gitaa la solo. Siyo la kwaya, hapana, ule muziki wa makelele wanaouita metali, wa nywele ndefu na kutikisa vichwa. Aliujulia kwenye simu. Mimi shule niliishia la pili, yule mwalimu na fimbo zake, basi tuyaache. Zabroni alinieleza kuwa wapigaji wakubwa wa Ulaya kila mmoja ana gitaa lake, lenye umbo lake, na jina lake limeandikwa shingoni.

“Na mimi iko siku, mjomba.”

Mama yake, dada yangu Skola, akadakia, “Iko siku utapalilia maharage.”

Tulikuwa uani tunamenya mihogo. Akaja mgeni wa koti jeusi, amekumbatia gitaa jekundu lenye ncha kama shoka. Vidole vyake, niamini, vimelika mpaka mfupa. Akasema, “Mwakeye.” Hakupiga makofi. Sasa sisi Waha, salamu bila makofi ni salamu gani? Lakini mikono imejaa, atapigaje? Ndiyo maana mgeni hupokelewa mzigo kwanza. Zabroni, kijana mwenye adabu, akainuka akalipokea kwa mikono miwili.

Mgeni akapiga makofi, mifupa inagongana, ko, ko. Akacheka huku analia. “Asante, mwanangu. Nimetua.” Akaenda zake, hata maji hakunywa.

Nikatazama shingo ya gitaa. Herufi chache nilizonazo zilinitosha: ZABRONI.

Likalia. Umeme uko wapi? Waya hakuna! Likalia kama ng'ombe aliyechinjwa vibaya, vidole vya kijana vinakimbia kwenye nyuzi, damu inaruka ukutani. Akalinyanyua, akampasua mbwa kichwa. Akamgeukia mama yake, akamvunja mkono. Mfupa niliusikia.

“Mjomba, siyo mimi! Nikamate, mama atakufa!”

Wewe ungefanyaje? Lilipopanda tena juu ya kichwa cha Skola, panga la mihogo lilikuwa mkononi mwangu. Nikakata, mkono wa kushoto wa Zabroni, kwenye kifundo. Gitaa likaanguka, na kile kiganja, haki ya Mungu, kikaendelea kupiga peke yake.

Bodaboda zikatukimbiza hospitali Kasulu. Walipona wote wawili. Tuliporudi, mvua ilikuwa imenyesha na gitaa halipo. Labda mpita njia aliona vibaya mali ya watu inalowa, akaipokea.

Juzi abiria mmoja aliyeshuka gari la Kibondo kaniambia kuna kijana huko anapiga gitaa bila umeme. Jina sikuuliza.

Zabroni siku hizi akisalimiwa hujipiga kifuani kwa kiganja kimoja, pu, pu, anatazama pembeni.

Basi akija mgeni na mzigo wa namna hiyo, mpe kiti, mpe maji. Mzigo autue mwenyewe. Akisema huna adabu, kubali.