Kona ya Chini ya Kioo

Kidole gumba cha mama mshonaji, kilichoota sugu kwa mkasi, bado kinabonyeza kona ya chini ya kioo, pale simu yake ya zamani ilipokuwa na alama ya kurudi nyuma. Hii mpya, zawadi ya bintiye, ina mfumo mwingine. Pale hapana kitu. "Nimekuhamishia kila kitu, mama," binti alijigamba. Picha zilikuja, namba zikaja. Jumbe za sauti za marehemu mumewe, alizozisikiliza akishona mapindo, hazikuja. "Mifumo haipatani, mama. Na ile ya zamani nimeshaifuta, nimempa mama mkwe." Mshonaji akasema asante. Jioni mama mkwe huyo wa binti akapiga simu, furaha tele: "Simu yako safi, dada! Haina hata takataka moja ndani."